Mlango wa uani

Saa nane za usiku ndiyo saa yangu. Bibi ninayemtunza hapa Pasadena huamka saa hiyo bila kukosa. Anataka maji, anataka ageuzwe upande wa pili, kisha anauliza kama mvua imenyesha. California na mvua ni kama Tanga na theluji, kwa hiyo jibu langu karibu kila siku ni lile lile. Akishashikwa na usingizi mimi ndiyo siupati tena. Nakaa kwenye kiti cha dirishani, simu mkononi, naandika haya mnayosoma.

Kuna mwanamke mwingine wa mji huu ambaye saa nane za usiku ilikuwa yake pia. Aliamka saa hiyo akaandika mpaka kunakaribia kucha, kisha akadandia basi kwenda kuosha vyombo vya watu. Mwezi mwingine hakuwa muosha vyombo, alikuwa mkaguzi wa krispi kiwandani, kazi ya kutoa zilizoungua. Amewahi kuwa wa ghalani, amewahi kuwa yule mtu anayekupigia simu ukiwa mezani akuuzie kitu usichokitaka. Sisi Watanzania wa ughaibuni tuna jina la maisha hayo, tunaita kubeba boksi. Tofauti ni kwamba yeye aliyabeba kwao, mji aliozaliwa.

Anaitwa Octavia Estelle Butler. Alizaliwa Pasadena tarehe 22 Juni 1947, akawa mwandishi wa hadithi za kisayansi wakati ambapo fani hiyo Marekani ilikuwa ya wanaume, tena wazungu. Bibi yangu huyu, ambaye kabla ya miguu kumgomea alikuwa mwalimu, ndiye aliyenipa kitabu chake cha kwanza. Nilikuwa na wiki moja kazini. Akanyoosha kidole kwenye rafu akasema chukua kile, huyu ni mtoto wa hapa hapa. Nilikichukua kwa adabu tu. Mie hadithi za kisayansi nilizijua kwa sinema za video za Ngamiani, mtaa wetu kule Tanga: vyombo vya angani, wazungu waliovaa nguo za kubana, mlipuko, mwisho.

Kilichonishika hakikuwa chombo cha angani. Alikuwa mama yake.

Baba yake Octavia alikuwa mng'arisha viatu, akafariki binti akiwa mdogo. Mama, naye jina lake Octavia, aliachishwa shule angali mtoto ili akafanye kazi, na kazi aliyoifanya karibu maisha yake yote ni ya ndani kwenye nyumba za wazungu. Mara nyingine alimchukua binti kazini. Binti akaona mama anavyoingia kwa mlango wa nyuma. Akasikia maneno yanayosemwa juu ya mama, na mama yupo pale pale anasikia, anaendelea kufuta meza kama hana masikio. Miaka mingi baadaye, ameshakuwa mtu mwenye jina, Octavia alisimulia kwenye mahojiano kwamba hasira yake wakati ule haikuwaendea wale matajiri. Ilimwendea mama. Siku moja alimwambia kwamba yeye hatafanya kazi kama yake hata siku moja, maana ni kazi mbaya. Mama hakujibu. Uso wake tu ndio ulioingia huzuni.

Nilipofika hapo niliweka kitabu chini nikaenda jikoni kuosha vikombe vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Mama yangu alikuwa mpishi na mfuaji kwa familia moja ya wageni Raskazone, mtaa mwingine wa Tanga, miaka ile ya tisini. Anatoka nyumbani Ngamiani alfajiri kwa miguu, anarudi jioni. Nyumba ile ilikuwa na geti la mbele lenye maua mekundu na mlango wa uani unaotazama kwenye mapipa. Mimi nilipofuatana naye siku za likizo tulipita wa uani, na nilikuwa naweka mgongo ukutani nisionekane na wapita njia. Shuleni nilisema mama yangu yupo ofisini. Ofisi gani, wakaniuliza. Ya katani, nikasema. Tanga ukisema katani hakuna anayeendelea kuuliza.

Basi, na mama alikuwa akija na majarida. Majarida ya Kiingereza ya watoto, na vitabu vyenye majina ya watoto wa watu yameandikwa ndani kwa penseli ya rangi. Nilikuwa nafuta yale majina kwa wembe mpaka karatasi inatoboka. Nilijua yametoka jalalani. Sikuuliza, nilijua tu.

Octavia naye aliletewa hivyo hivyo. Mama yake alibeba vitabu na majarida ambayo matajiri wake hawakuyataka tena, akampelekea binti mrefu, mwenye haya, mwenye disleksia, ile shida ya kusoma maandishi, aliyekuwa anasoma polepole na hana rafiki. Kilichobaki akakipata maktaba ya mji. Alipofika miaka 10 akamlilia mama amnunulie taipureta. Shoga wa mama akasema utamharibu mtoto huyo, mashine itaishia kabatini inakula vumbi. Mama akanunua. Remington ya kubebeka, kwa mshahara wa kudeki.

Akiwa na miaka 12 aliona kwenye televisheni filamu ya mwanamke kutoka Mars anayekuja duniani kutafuta wanaume. Ilikuwa mbovu kiasi kwamba alizima akasema, mimi naweza kutunga bora kuliko hii. Kisha akafikiri zaidi: mtu yeyote anaweza kutunga bora kuliko hii. Kisha likaja la tatu, ambalo ndilo lililomuasha: kuna mtu amelipwa kwa hii! Akakaa kwenye Remington. Mwaka mmoja baadaye shangazi yake, mwanamke mwema aliyemtakia mema, akamwambia mpenzi, weusi hawawezi kuwa waandishi. Shangazi hakuwa na chuki. Alikuwa anamkinga. Na Octavia hakuwa na cha kumjibu, maana katika miaka 13 hakuwahi kusoma ukurasa aliojua umeandikwa na mtu mweusi.

Halafu lile la dola 61 na senti 20. Hili nawasimulia wale mnaoniandikia faraghani kuuliza kuhusu mawakala wa waandishi wanaotaka walipwe kwanza ndipo wakusomee kazi yako. Octavia na mama yake walimpata mmoja wa aina hiyo. Akataka dola 61 na senti 20 kusoma hadithi ya mtoto. Ilikuwa zaidi ya kodi yao ya mwezi. Mama akatoa. Pesa ikaenda, wakala akaenda. Sijui kama mama yangu angetoa. Nadhani angetoa, na hilo ndilo linaloniuma.

Alimaliza sekondari ya John Muir mwaka 1965, akasoma chuo cha Pasadena City College jioni huku anafanya kazi mchana, akashinda shindano la hadithi la chuo: dola 15. Kwenye warsha ya waandishi wa filamu akakutana na Harlan Ellison, mwandishi mwenye jina, akamsukuma aende Clarion, kambi ya wiki sita huko Pennsylvania kwa wanaojifunza hadithi za kisayansi. Mwaka 1970 hiyo. Ada na nauli zilipopungua, mama alitoa akiba aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya meno yake. Huko Clarion mmoja wa walimu alikuwa Samuel Delany, mwandishi wa fani hiyo hiyo, mweusi, na aliyekuwa ameshatunukiwa. Octavia akauza hadithi mbili kule kule. Akarudi Pasadena akijua mambo yamenyooka.

Hayakunyooka. Ilipita miaka mitano hajauza hata neno. Moja ya hadithi zile mbili, ambayo Ellison aliinunua kwa ajili ya mkusanyiko wake, ilikaa bila kuchapishwa mpaka 2014, na Octavia alikuwa kaburini miaka minane. Hii miaka mitano ndiyo ya krispi na ghala na saa nane za usiku. Wanaomsifia huipita kwa sentensi moja. Mimi naona ndipo alipotengenezwa, na siwezi kusema mengi kuhusu usiku ule kwa sababu ukiwa ndani yake hakuna kinachotokea. Unaandika, unafuta, unatazama saa, unavaa viatu.

Riwaya ya kwanza, Patternmaster, ilitoka 1976. Ya pili 1977. Ya tatu, Survivor, 1978, aliichukia mpaka akakataza isichapwe tena maisha yake yote. Lakini pesa ya hiyo aliyoichukia ndiyo iliyompeleka Maryland, na Maryland ikampa Kindred.

Chanzo cha Kindred kilikuwa maneno ya kijana mmoja chuoni. Zilikuwa siku za vuguvugu la weusi, na kijana yule, mwenye kujua historia kuliko wenzake, alisema angependa kuwaua wazee wote waliowarudisha nyuma kwa unyenyekevu wao, ila hawezi kwa sababu ingembidi aanze na wazazi wake. Octavia akamfikiria mama na mlango wa nyuma. Kijana yule alijua mambo ya watumwa kichwani, akaona, hajayajua mwilini. Basi akatunga mtu atakayeyajua mwilini: Dana, mwanamke mweusi wa miaka 26, mwandishi anayeishi California mwaka 1976, aliyeolewa na mzungu, ambaye ghafla anavutwa na nguvu isiyoelezwa mpaka kwenye shamba la watumwa la Maryland karne ya kumi na tisa. Anavutwa kila mara mtoto wa bwana wa shamba, Rufus, anapokaribia kufa. Na lazima amwokoe, kwa sababu Rufus huyo ndiye babu yake wa ukoo. Akimwacha afe, Dana hazaliwi.

Mwanzo mhusika alikuwa mwanamume. Hakuweza kumfikisha mbali. Mwanamume mweusi mwenye mwendo na macho ya 1976, kule angeuawa kabla ya sura ya pili. Mwanamke wangemdharau, na kwa kudharauliwa angepata nafasi ya kuishi.

Alikwenda Maryland kwa basi la Greyhound, nchi nzima kutoka bahari hadi bahari, kwa kuwa pesa haikutosha kingine. Shamba la kutembelea hakulipata, akaenda Mount Vernon, nyumba ya George Washington kule Virginia. Waongozaji wa pale wakati ule walikuwa hawatamki neno mtumwa, walisema mtumishi. Nilipolisoma hili nilikumbuka Pangani. Mwalimu wetu wa darasa la sita alitupeleka kuona lile jengo la zamani karibu na mto, akatuonyesha milango ya kuchonga dakika arobaini. Watu waliopita pale wamefungwa minyororo akawataja tukishapanda gari.

Wachapishaji wengi walikirudisha kitabu. Hawakujua wakiweke rafu gani: sayansi haimo, mashine ya kusafiria haimo, historia ina mtu wa leo ndani. Kilitoka 1979. Dana anarudi mara ya mwisho akiwa amepoteza mkono wa kushoto. Octavia alipoulizwa kwa nini, alisema hakuweza kumwacha arudi mzima.

Baada ya hapo kazi zilifuatana na siwezi kuzigusa zote. Wild Seed ya 1980 ndiyo bora kwangu, na inaanzia Afrika Magharibi mwaka 1690, na Anyanwu, mwanamke wa Kiigbo anayeweza kuugeuza mwili wake awe chui au pomboo, anayeponya watu kwa kuonja ugonjwa wao. Vitabu vile vitatu vya Oankali, viumbe wanaotoka angani, Dawn na wenzake, nilivisoma kwa shida, viumbe wale wana minyiriri mingi mno kwa mtu wa saa nane usiku.

Ila Bloodchild lazima niiseme. Alikuwa anajiandaa kwenda Peru kwa utafiti, akasoma kuhusu nzi wa huko ambaye mayai yake huishia chini ya ngozi ya mtu, funza akakulia humo. Akaingiwa na hofu hata hakulala. Akaitibu hofu kwa kuitungia hadithi: watu waliokimbilia sayari ya viumbe mfano wa majongoo makubwa, na wavulana wanabeba mayai ya viumbe hao matumboni, kama mimba. Marekani walistaajabu mno. Mimi nilicheka peke yangu gizani. Tanga kila nguo iliyoanikwa nje inapigwa pasi, hata nepi, hata chupi, na mama atakugombeza usipopiga, kwa sababu nzi hutaga kwenye nguo mbichi na funza huingia mwilini. Dada yangu alitolewa wawili mgongoni kwa mafuta ya nazi. Ile hofu yao ya sayari ya mbali, sisi tunaipiga pasi Jumapili.

Bloodchild ilichukua Hugo na Nebula, zile tuzo mbili kubwa za fani hii. Hugo nyingine alikuwa ameshaichukua mwaka mmoja nyuma, 1984, kwa Speech Sounds, na hiyo ilizaliwa ndani ya basi. Octavia hakuwa anaendesha gari, disleksia haikumruhusu. Alipanda mabasi ya Los Angeles maisha yake yote ya huku, na siku moja aliona watu wanapigana kwa sababu ya kutazamana tu. Akajiuliza ingekuwaje kama ugonjwa ungewanyang'anya watu wote maneno. Nami napanda mabasi hayo. Anayetaka kujua hadithi ile ni ya kweli kiasi gani apande saa kumi na moja jioni mwezi wa nane, kiyoyozi kimeharibika.

Mwaka 1993 akatoa Parable of the Sower. Ni shajara ya Lauren Olamina, msichana wa kitongoji karibu na Los Angeles, na inaanza mwezi wa saba mwaka 2024. Mvua hakuna, maji yanauzwa ghali, watu wanajifungia nyuma ya kuta, nje kuna wenye njaa na wenye kiberiti. Lauren anaanzisha imani yake mwenyewe inayosema Mungu ni mabadiliko. Hapo mie nilisema astaghfirullah, nikakifunga siku mbili. Octavia mwenyewe alikulia kwa Wabaptisti wakali, kwa hiyo alijua anachokichokoza. Kwenye mwendelezo wake, wa 1998, yumo mwanasiasa anayegombea urais kwa wito wa kuirudishia Marekani ukubwa wake. Msiniulize mimi, someni tarehe ya kuchapishwa.

Kwenye shajara ya Lauren, tarehe 1 Februari 2025 inaanza kwa kusema leo tumepata moto. Sisi tulipata wetu tarehe 7 Januari 2025. Upepo ulianza mchana, jioni mlima ukawa mwekundu upande wa Eaton Canyon. Tulimtoa bibi na blanketi lake na dawa zake saa tisa usiku, majivu yanaanguka kama mvua aliyokuwa akiiulizia. Altadena, mji wa jirani, ulipoteza maelfu ya nyumba. Octavia amezikwa huko huko Altadena, jiwe lake limelala chini sawa na majani. Duka la vitabu la Pasadena lenye jina lake, lililofunguliwa 2023, liligeuka siku zile kuwa mahali pa kugawia maji, nguo na sabuni. Nilikwenda kuchukua barakoa, nikatoka na barakoa na kitabu.

Unabii hakuukubali alipokuwa hai. Alisoma magazeti, akatazama kile tunachokipuuza, akakipa miaka thelathini kikue. Ndivyo alivyoeleza.

Pesa ya maana ilimfikia 1995, akiwa na miaka 48: wakfu wa MacArthur ulimpa dola 295,000, na hakuna mwandishi wa hadithi za kisayansi aliyewahi kupewa kabla yake. Alinunua nyumba aishi na mama. Mama akafariki mwaka uliofuata. Mwaka mmoja. Octavia alihamia kaskazini, karibu na Seattle, dawa za shinikizo la damu zikamtia uzito wa kuandika, akafanikiwa kutoa riwaya moja zaidi, ya vampaya, na tarehe 24 Februari 2006 akaanguka nje ya nyumba yake na kufa. Alikuwa na miaka 58. Kitabu cha Lauren kiliingia orodha ya vinavyouzwa zaidi ya New York Times mwezi wa tisa 2020. Mwaka 2021 NASA iliteremsha gari lake la utafiti Mars, na pale lilipotua pakaitwa kwa jina la Octavia E. Butler. Mars ile ile ya sinema mbovu.

Karatasi zake ziko maktaba ya Huntington, San Marino, mwendo mfupi kutoka hapa nilipokaa. Ni maelfu ya barua, miswada, daftari za shule. Mwaka 2017 walifanya maonyesho, nikaenda siku yangu ya mapumziko. Alikuwa na desturi ya kujiandikia maagizo. Mwaka 1988 alijiandikia kwamba vitabu vyake vitasomwa na mamilioni, kwamba atanunua nyumba nzuri, atawapeleka vijana weusi maskini kwenye warsha za uandishi, atakodi gari kila akihitaji. Na kwamba atajipatia yeye na mama yake matibabu bora kabisa. Mtu aliyemwambia mama kazi yako mbaya. Nikafikiria yale meno.

Jumapili iliyopita nilimpigia mama. Huku saa nane usiku, Tanga saa sita mchana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hulali wewe?"

Nikamsimulia yote hayo, taipureta, krispi, mlango wa nyuma. Alisikiliza kwa makini, mama yangu hupenda visa vya watu. Nilipofika kwenye vitabu nikasema, mama yake alikuwa akimwokotea vitabu kwa matajiri, kama wewe ulivyokuwa ukiniokotea yale majarida ya Raskazone.

Kimya. Nikadhani mtandao umekata.

"Nani kakwambia niliokota?"

"Si yalikuwa yametupwa, mama?"

"Yule mama hakuwa mtu wa kutupa kitu. Aliyapanga kabatini kwa tarehe. Mimi nilikuwa nayaomba. Kila mwisho wa mwezi nasimama pale mlango wa uani, nimeshavaa kanga zangu za kuondokea, namwambia mama, binti yangu anapenda kusoma. Mwezi mwingine ananipa. Mwezi mwingine ananiambia bado watoto hawajamaliza, nije mwezi ujao. Nakwenda, nakuja tena."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeyasoma?"

Adhana ya adhuhuri ikaingia kwenye simu. Akasema ngoja akatie udhu, akakata.